Mfupa Uliochoka

Mtu akivunjika mguu hapa Gisenyi, swali la kwanza ni moto gani imemgonga. Moto kwetu ni pikipiki ya abiria, na zimejaa kila kona, kwa hiyo watu hawaulizi kama umegongwa. Wanauliza umegongwa wapi, na dereva kakamatwa au kakimbia. Mimi nilikuwa nawajibu kwamba hakuna moto. Basi umeteleza bafuni? Sijateleza. Umepigwa? Nani anipige mimi, na mdomo huu nilio nao? Nilikuwa nakimbia, nawaambia, barabara kavu, mchana kweupe, na mfupa ukakatika wenyewe. Hapo mtu ananitazama kwa lile jicho la kusema huyu anaficha jambo. Jirani mmoja alimvuta mama yangu pembeni akamshauri asinizungushe hospitalini bure, anipeleke nikaombewe.

Nilitamani kweli moto ingenigonga. Ningekuwa na mtu wa kumtukana.

Na ungekuwa mguu wa kukimbilia mambo yangu mwenyewe, ningelia siku mbili nikanyamaza. Lakini mguu ule ulikuwa wa watu wawili.

Nyuma ya nyumba yetu, huku Nengo, anakaa binti ambaye haoni. Surua ilimpofusha akiwa bado ananyonya. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini tangu anajifunza kusema ananiita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, nami namwita mudogo. Siku hizi ni mwanamke mzima. Anafuma sweta za wanafunzi kwa mashine, na ukimkuta kazini vidole vinakwenda mpaka unaona kizunguzungu wewe unayeona. Na ana mbio. Mungu wangu, ana mbio yule! Alianza shuleni, kwenye michezo ya wasioona, na alipomaliza shule akaja kuniambia kwamba mwili unamwasha, anataka kukimbia, na hana wa kukimbia naye. Mimi nilikuwa nakimbia peke yangu asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani. Nikamwambia njoo.

Mkimbiaji asiyeona na mwenzake wanashika kamba moja fupi, kila mmoja ncha yake, wanakwenda bega kwa bega, mkono wake na mkono wangu ikipanda na kushuka pamoja. Watu hufikiri kazi yangu ilikuwa kumvuta. Hapana. Ukimvuta umeharibu kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kusema. Nilikuwa nasema kutoka tunapoanza mpaka tunapomaliza: mulima, teremuko, bordure, yaani ukingo wa barabara, jiwe, moto kushoto, mutoto na mbuzi, shimo ya maji, sasa iko sawa, kimbia. Pumzi ya kukimbia na pumzi ya kusema zote zinatoka kifua kimoja, na lazima uwe na mbio kumzidi unayemwongoza, la sivyo utakuwa unahema tu wakati yeye anaingia mtaroni. Katika mji mzima ambao kocha wetu aliupekua, mtu wa kike aliyeweza kwenda kasi ya mudogo na bado akabaki na maneno nilikuwa mimi.

Kocha wetu, mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni hata kanisani, alituambia kwamba baada ya mvua kubwa kutakuwa na mchujo wa taifa Kigali. Watakaochaguliwa watapanda ndege kwenda kukimbia nchi za watu. Mudogo hakulala wiki ile. Hajawahi kuomba kitu kikubwa maishani mwake, wala hajawahi kupewa. Hicho ndicho alichokitaka, na mlango wa kukifikia ulikuwa mimi, maana asiyeona bila mwenzake wa kamba haandikishwi.

Maumivu yalianza kidogo tu, mahali padogo kwenye muundi wa kushoto, mfupa ule wa mbele ya mguu. Ungeweza kupafunika kwa kidole gumba. Nikikimbia panauma, nikipumzika panaacha. Baadaye pakaanza kuuma hata nikipanda ngazi, halafu hata nikiwa nimelala. Mama akasema twende hospitali kabla hujawa mkaidi zaidi ya baba yako.

Mama yangu alikulia Tanzania, akarudi hapa akiwa na Kiswahili kilichonyooka ambacho watu wa soko la Mahoko, anakotoa karoti na viazi, wanamcheka nacho mpaka leo. Daktari alikuwa kijana, Kiswahili chake cha huku kwetu, nusu yake Kifaransa. Alinipiga picha ya mguu, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Bon," alisema. "Picha haionyeshi kitu. Lakini mi nazani ni ile ya fatigue. Mufupa iko na fatigue. Donc, repos. Mbio usimamishe, nyuma ya wiki tatu murudi nione tena."

Sasa nisikilize vizuri. Fatigue ni neno letu. Huku mpakani linatumika kuliko chumvi. Muuza nyanya akikunja mkeka wake jioni ana fatigue. Mtu akirudi kutoka ng'ambo, Goma, na mzigo mgongoni ana fatigue. Mwanamume asiyetaka kujenga uzio ana fatigue toka Jumatatu hadi Jumapili. Fatigue ni kuchoka, basi. Hakuna mtu aliyewahi kuisikia akaogopa. Kumbe madaktari wana fatigue yao nyingine, ambayo ni mfupa unaopasuka kidogo kidogo kwa kukanyagishwa kila siku bila nafasi ya kujiunga, na mwanzoni ufa wake hauonekani hata kwenye picha. Yule kijana alidhani ametuambia. Sisi tulisikia mfupa wangu umechoka.

Tulipotoka nje mama alicheka kwa sauti.

"Mfupa una fatigue! Na wangu je? Mimi nina mifupa ya tangu enzi za ukimbizi, mbona haiandikiwi mapumziko?"

"Wiki tatu," nikasema.

"Wiki tatu za kuchoka nani amezisikia? Uchovu unakandwa, mwanangu. Unakandwa, unalala, umeisha."

Nami nilicheka. Nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa nimekaa pale ndani nikingoja kuambiwa nimevunjika.

Ukitaka kukandwa huku wilayani kwetu, Rubavu, huendi mbali. Kuna chemchemi za maji ya moto ukingoni mwa ziwa, upande wa Nyamyumba, tunaziita amashyuza, na watu huja kutoka hata Musanze kuloweka viungo vyao. Mama alinipeleka asubuhi. Nikakaa ndani ya maji mpaka kiunoni, na mwanamume mmoja mwenye mikono mipana akaushika mguu wangu akaanza kuukanda kwa vidole gumba, kutoka gotini kushuka. Alipofika pale mahali padogo niliona nyota. Nikauma ncha ya kitenge changu.

"Apo iko," alisema, ameridhika. "Fatigue iko inatoka."

Mama alikaa juu ya jiwe ananipa moyo. "Vumilia, vumilia, ndiyo inatoka hiyo." Tulirudi kila siku wiki ile. Kila siku iliuma zaidi, na kila siku tulifurahi zaidi, kwa sababu katika kukanda ndivyo ilivyo, ukisikia maumivu ndipo unajua umefika penyewe. Sina ugomvi na yule mwanamume. Aliambiwa uchovu, akakanda uchovu. Hata mama simlaumu. Neno ndilo ninaloligombeza, na neno halina uso wa kutemea mate.

Kufikia mwisho wa wiki mguu ulikuwa umekufa ganzi kidogo na nikajiona nimepona. Mudogo alikuwa anakuja kila jioni kuuliza, anasimama mlangoni, hataki hata kukaa. "Yaya, na leo?" Sikumlazimisha kungoja. Nikamwambia kesho.

Kesho yake tulipanda mlima vizuri tu mpaka karibu na Nyundo. Ilikuwa katika kurudi, kwenye teremko, mwendo umeshika, yeye anacheka kwa raha ya upepo, nami nasema teremuko, teremuko, kulia kidogo, sawa. Nilisikia ta! kama mtu amevunja ukuni mkavu gotini. Mguu wa kushoto haukuwepo tena chini yangu. Nikaanguka mbele, kamba ikamvuta, naye akapita juu yangu akaangukia uso.

Hapa nitasema polepole. Kamba ilikuwa imetoka mkononi mwake. Alikuwa amepiga magoti na viganja katikati ya lami, kidevu kimepasuka, jino moja la mbele limeondoka, anageuza uso huku na huku.

"Yaya? Yaya, uko wapi?"

Nilikuwa mbele yake. Angenyoosha mkono angenigusa. Pumzi ilikuwa imenitoka yote, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Moto moja ikapita ikipiga honi. Akaruka kwa woga akatambaa, akatambaa upande wa katikati ya barabara badala ya pembeni.

"Yaya! Yaya we!"

Dereva wa moto ya pili alisimama, akamkamata kiunoni kumwondoa barabarani, naye mudogo akampiga, akampiga kwa ngumi usoni na kifuani, kwa sababu hakujua ni nani anayemshika. Ndipo sauti yangu ilipotoka, na haikutoka na neno, ilitoka kama ya mbuzi. Lakini alikuwa ameshabebwa.

Hospitali ilikuwa ile ile na daktari yule yule. Picha ya safari hii haikuhitaji kuinuliwa kwenye mwanga. Alininyooshea kidole.

"Nilisema repos."

"Ulisema fatigue!" nilimpigia kelele, wodi nzima ikageuka. "Fatigue! Unajua fatigue ni nini? Mimi nina fatigue kila Ijumaa!"

"Madame, fracture de fatigue ni fracture, mufupa inavunjika."

"Sasa fracture si ungelitaja? Neno lenyewe la kutisha ndilo ulilolimeza!"

Nadhani alikuwa anakumbuka alivyosema. Kisha akavuta kiti akakaa karibu, na kuanzia siku ile kila alichoniambia alitaka nimrudishie kwa maneno yangu. Akaniuliza ninakula nini. Chai asubuhi, nikasema, na chakula usiku, mchana nashona. Akaniuliza mbele ya mama kama damu ya mwezi inakuja vizuri. Mama akatazama dirisha. Ilikuwa imekata tangu miezi mingi nyuma, nami nilikuwa nimeshukuru, maana inasumbua mazoezini. Daktari akatikisa kichwa, akasema mwili wenye njaa hukata damu hiyo kwanza, kisha hula mifupa.

"Na kazi yako ni gani?"

"Kushona."

"Mashini ya umeme?"

"Ya kukanyaga."

"Unakanyaga na muguu gani?"

Nikautazama mguu ule uliofungwa. Wiki nzima ya mapumziko, nikitoka majini nilikuwa naketi kwenye cherehani mpaka jua linazama, nakanyaga. Wa kushoto, nikasema, na hasira yote ikaniishia, nikabaki nalia tu.

Walinitia plasta kutoka kidoleni mpaka juu ya goti. Miezi ile nilikaa barazani, mguu juu ya stuli, magongo yameegemea ukuta, nikitazama watu wazima wanavyotumia miguu yao ovyo. Nilikuwa mtu mbaya. Mama akinikoroga uji namwambia ni wa baridi, akiupasha namwambia unachoma. Wateja wakija nawaambia cherehani ina fatigue. Sikutaka kuombewa, sikutaka pole, sikutaka mtu yeyote aniambie kwamba ingekuwa mbaya zaidi.

Mudogo alikuja kila siku mwanzoni. Kidevu kilishonwa kikapona na kovu, na pengo la jino likamfanya apige mbinja kidogo anaposema. Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa anakaa chini ya stuli anafuma kwa sindano, ananieleza habari za mtaa, nami kila nikisikia ile mbinja nataka kujificha. Siku moja akaweka sindano chini, akasema:

"Yaya, kocha iko anasema anitafutie mutu. Kwa mazoezi tu. We ukipona tunaendelea sisi."

"Basi ni vizuri hivyo," nikasema.

"Ukikatala, mi nakatala."

"Nikatae kwa nini? Kimbia, mudogo. Utaota kutu."

Niliona wivu. Wivu mtupu, sina neno zuri la kuufunika. Yule mwingine alikuwa msichana mrefu wa benki, mtoto wa waliorudi kutoka Uganda, miguu yake inafika hapa kifuani kwangu. Walikuwa wanapita mbele ya baraza letu asubuhi. Kinyarwanda wote wanacho, wanaelewana vizuri wakikaa, lakini mbioni linalotoka mdomoni ni lile neno lililo karibu, na la yule lilikuwa Kiingereza. "Lefti! Raiti! Okei, okei!" Mara ya kwanza mudogo alikwenda lefti ilipokuwa raiti, akaingia kwenye karanga za mwanamke fulani, nami barazani nikacheka peke yangu kama mchawi. Baada ya muda akazoea. Akawa anapita ameinua kidevu, mdomo umefungwa, kimya, na mwendo ule nilioujua. Nilitazama mpaka wanapotea kwenye kona, kisha nikamwambia mama uji una mawe.

Plasta ilipokatwa, kilichotoka ndani kilikuwa mguu wa mtu mwingine, mwembamba, wenye magamba na nywele, unanuka. Daktari alinipangia: kutembea kwanza, bila gongo, kwenye tambarare. Halafu kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Maumivu ya misuli niyaache yapite, lakini yakikaa mahali pamoja kwenye mfupa nisimame siku ile ile. Na mchana nile.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

"Na fatigue ni nini?"

"Ni fracture, daktari. Acha kunitesa."

Nilianzia kando ya ziwa, ambako hakuna mlima, mapema kabla ya watu wa kupiga picha. Kukimbia kulikuwa kumenisahau. Kifua kilichoma, goti lilikakamaa, nilikimbia kama mama mja mzito anayewahi gari. Lakini hilo ningelivumilia. Kilichonichosha ni kusikiliza. Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani nilikuwa nabonyeza muundi kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, nikingoja. Nikikanyaga nasikiliza. Mbu akiniuma mguu ule nakaa chini njiani. Nilikuwa mtu wa kupenda kukimbia bila mawazo, na sasa nilikuwa askari wa zamu anayelinda mfupa mmoja.

Hata hivyo ulipona. Mvua kubwa ilikuja ikapita, na mguu ukawa na nyama tena. Picha ya mwisho daktari aliinua akatabasamu, akanionyesha mahali mfupa ulipojiunga, umekuwa mnene kuliko ule wa kulia. "Apa hautavunjika tena," alisema. Mama aliniletea nusu ya samaki wa soko peke yangu. Kocha alikuja kututembelea na filimbi yake. Alisema mchujo umekaribia, anatakiwa kupeleka jina la mudogo pamoja na jina la mwenzake, na wenzake wa kamba sasa ni wawili, mudogo achague.

Mudogo hakungoja kocha amalize.

"Ni yaya. Mi nilimungojea yaya."

"Yule mwingine umezoeana naye," kocha alisema taratibu.

"Ni yaya," akasema.

Niligeuza uso. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo, na kuona aibu kwa ajili ya furaha, kwa pamoja.

Tulitoka asubuhi iliyofuata, kando ya ziwa. Nilimpa ncha ya kamba. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho kabla hatujapiga hatua. Tukaanza polepole, nikasema sawa, sawa, bordure kushoto, sawa. Mguu wangu ulikuwa mwema. Ulikuwa mwema kabisa, naapa, ulikanyaga kama haujawahi kuguswa, na pumzi ilikuwepo, na maneno yalikuwepo.

"Yaya, uko?" akauliza.

"Niko."

Tukapita miti ya kwanza.

"Yaya, uko?"

"Niko, mudogo. Jiwe kulia."

Alikuwa ananishika kwa kamba na pia kwa bega, ananiegemea. Hatua zake, zile hatua ndefu za swala, zilikuwa zimekuwa fupi, anakanyaga kwa kisigino, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikamwambia kimbia, iko wazi mbele. Akajaribu. Baada ya hatua tatu akarudi begani kwangu.

"Uko?"

"Niko."

"Yaya, uko?"

Nilikuwa ninazungumza muda wote! Sikuwa nimenyamaza hata mara moja. Nikasimama, naye akasimama ghafla akashika mikono yangu yote miwili.

"Nini? Muguu?"

"Mguu mzima. Mbona unaniuliza kila saa kama niko? Kwani yule mwingine unamuuliza?"

Akafikiri. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na nilimwona anautafuta.

"Hapana," akasema. "Yule simuulizi." Kisha akacheka kidogo, ile mbinja ikapita kwenye pengo. "Usihangaike, yaya. Itaisha tu. Ile siku nilikuita sana. Nilifikiri umekufa. Donc, sasa hivi nikisikia pumzi yako naanza kuisikiliza kama itakatika. Lakini itaisha. Tuendelee."

Tukaendelea. Alikimbia hivyo hivyo mpaka mwisho, akiwa amejikaza, akijipa moyo, akiniambia leo ni siku ya kwanza tu. Siku ya pili ilikuwa vile vile. Siku ya tatu kocha alikuja na saa yake mkononi, akaitazama, akanitazama mimi, akaiweka mfukoni. Na asubuhi iliyofuata, ambayo ilikuwa zamu ya yule wa benki, nilisimama barazani nikawaona wanapita. Alikuwa anaruka. Hakuna neno lingine. Mdomo umefungwa, kidevu juu.

Nililia jikoni, mama asinione. Nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa. Nimekula mchana, nimetembea kama bibi kizee, nimeunga mfupa ukawa mnene kuliko mwenzake. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba kuna kitu kingine kilichovunjika siku ile, mwilini mwa mtu mwingine, na kwamba mimi ndiye ninayekitonesha kila nikimsogelea na kamba.

Kumwambia nisingeweza. Ningemwambia chagua yule, angekataa. Angelia, angesema ananisaliti, angeapa kwa Mungu kwamba haogopi. Angekwenda Kigali nami, angekimbia kwa kisigino mbele ya watu wote akiuliza uko, uko, na angerudi hapa kufuma sweta mpaka azeeke, na hata siku moja asingesema ni kwa sababu yangu. Ndivyo alivyo.

Siku ya mwisho ya kupeleka majina nilimpigia kocha simu.

"Kocha, mguu umeanza tena."

"Pale pale?"

"Pale pale. Andika yule mwingine."

"Una hakika?" akauliza. Nikasema nina hakika, mfupa ni wangu. Nikakata.

Mudogo alikuja kabla ya saa sita, amekuja peke yake na fimbo yake, amejikwaa njiani, goti lina vumbi. Hakubisha hodi. Aliketi chini mbele yangu, akaushika mguu wangu wa kushoto akauweka juu ya mapaja yake kama mtoto.

"Yaya, si ilikuwa imepona?"

"Nilifikiri hivyo."

"Iko wapi?"

Vidole vyake vilianza gotini vikashuka juu ya muundi polepole, vidole vya kufuma, ambavyo havipitwi na uzi mmoja uliolegea. Vikapita mahali mfupa ulipojiunga, vikapita, vikaendelea kutafuta. Nikashika kimoja nikakiweka mahali popote, hata sikuchagua.

"Hapo."

Akabonyeza. Hapakuwa na kitu. Mfupa mzima, mgumu, ungeweza kunifikisha Musanze na kunirudisha.

"Ai!" nikasema. "Taratibu, mudogo."

Aliondoa mkono haraka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kovu la kidevu.

"Pole, yaya. Pole. Mara hii tu nitaenda na yule. We ukipona, tunarudi sisi wawili. Sawa?"

"Sawa," nikamwambia. "Nikipona."